Muhuri Pacha wa Bwana Dharura

Anayetaka kuiba kwa panga huenda kwa mhunzi. Anayetaka kuiba kwa karatasi huja kwangu, nami humtimua. Miaka thelathini na moja nimekaa chini ya ngazi ya jengo la ghorofa tatu, kando ya duka la kutoa nakala, nikichonga mihuri kwa mkono. Visu vyangu ni vinne, vyembamba kama jani la kitunguu. Taa nimeifunga kwa waya kwenye chuma cha ngazi, na kila anayepanda juu hunidondoshea vumbi la viatu vyake, nikapangusa meza bila kumtukana.

Herufi za muhuri huchongwa kinyumenyume, ili ukigonga zisomeke sawasawa. Shule niliiacha darasa la nne, na gazeti mpaka leo hunitoa jasho. Lakini nipe maandishi yaliyogeuzwa, kama yanavyoonekana kwenye kioo, nitayasoma bila kukwama. Wajukuu hunicheka. Wanasema bibi yao anasoma kwa rivasi.

Mtoto nina mmoja tu. Alikuwa karani katika idara moja ya serikali, mtu wa shati jeupe na kalamu mbili mfukoni, mpole kupita kiasi. Mkurugenzi wake, wafanyakazi walimwita Bwana Dharura, kwa sababu kila alichotaka kukinunua bila kumuuliza mtu alikiita dharura. Magari sita, dharura. Zulia la ofisini, dharura. Safari ya ng'ambo kwenda kutazama visima vya watu wengine, yeye na mkewe, dharura.

Serikali ina kitabu chake. Kila mwaka huandikwa humo itapata nini, itakopa kwa nani na itatumia wapi, kisha husomwa bungeni kwa sauti na sisi tunasikia redioni, hata kama nusu yake inatupita. Bwana Dharura alifanya mambo nje ya kitabu. Alikwenda kwa wakopeshaji wa nje akakopa kwa jina la serikali, bunge lisijue, hazina isione hata noti moja. Fedha zikaingia kwenye akaunti aliyoifungua yeye, zikaitwa za mradi wa visima. Visima mia mbili na arobaini. Mpaka leo sijakutana na mtu aliyeteka hata ndoo moja.

Wakopeshaji nao si wajinga. Walitaka barua ya kuahidi kwamba serikali italipa. Siku hiyo Bwana Dharura alimwita mwanangu, akamwekea rundo la barua arobaini mezani.

"Nisaidie kusaini, kijana. Weka 'kwa niaba ya Mkurugenzi'. Mkono unaniuma."

Mwanangu akasaini zote arobaini. Barua ya ahadi ilikuwa ya ishirini na saba. Aliniambia baadaye kwamba hakuisoma, kwa sababu bosi alikuwa amesimama juu ya kichwa chake akisema, "Haraka, haraka."

Miaka mitatu ikapita. Wakopeshaji wakaja kudai, bunge likasema deni hili hatulijui, redio ikawaka moto. Wakatafuta sahihi. Mwezi wa kwanza wakamchukua mwanangu ofisini mbele ya wenzake, wakamweka mahabusu, akanyimwa ruhusa ya kutoka mpaka kesi iishe. Bwana Dharura akasimama redioni na kusema alikuwa likizo wiki ile, na kwamba karani wake alimsaliti. Alikuwa likizo kwenye karatasi kweli. Ila mwili wake ulikuwa ofisini, umelishika rundo.

Mimi nikajifunga kibwebwe, nikaenda kumsubiri kwenye mlango wa wizara. Alitoka na watu wake wanne. Nikamwambia, "Baba, mimi ni mama wa karani wako." Hakunitazama hata usoni. Akawaambia watu wake, "Mpeni nauli huyu." Wakanipa nauli. Nikaipokea, nikaikunja mara nne, nikaiweka ndani ya kopo la wino ulioganda. Mpaka leo imo humo.

Hakimu alikuwa ameuliza swali moja tu siku ya kwanza: kama Mkurugenzi alikuwa likizo, na karani alikaimu nafasi yake, barua ya kumkaimisha iko wapi? Upande wa mashtaka wakasema inatafutwa. Haikuwako. Kwa hiyo ilibidi itengenezwe.

Hapo pana jambo moja la kuelewa. Mwaka mmoja baada ya mkopo, idara ile ilibadilishwa jina. Mihuri yote ya zamani ikakusanywa, ikachomwa moto mbele ya kamati, na mwenyekiti wa kamati alikuwa Bwana Dharura mwenyewe. Sasa anataka barua ya miaka mitatu nyuma, na muhuri wa miaka mitatu nyuma ni majivu.

Tarehe kumi na nne mwezi wa tatu, akaja kijana mmoja mezani kwangu, amevaa miwani ya jua, funguo za gari zinaning'inia kidoleni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Tukusaidie nini?"

"Muhuri. Wa haraka."

"Barua ya ofisi iko wapi?"

"Barua itafuata. Hii ni dharura, bibi."

Neno lile likanikaa sikioni kama mdudu. Nikaendelea kunoa kisu.

"Mbona hukwenda hapo ng'ambo ya barabara, kwenye mashine za mihuri? Dakika kumi unao mkononi."

"Mashine zinabaki na nakala," akasema, kisha akajing'ata ulimi. "Yaani, bosi anapenda kazi ya mkono."

"Bosi wako ana macho. Lete mfano."

Akatoa karatasi kuukuu. Ilikuwa barua, lakini maandishi yote yamebandikwa karatasi nyeupe juu, pameachwa tundu la duara mahali pa muhuri. Nikautazama ule muhuri, nikautambua kama mtu anavyomtambua mtoto wake. Niliuchonga mimi, miaka kumi na moja iliyopita. Nyota mbili, moja kushoto na moja kulia, na kamba nyembamba ya mistari kuzunguka. Mtu hasahau mistari aliyoinamia siku mbili.

Nikaigeuza karatasi, nikaiinua kwenye taa kana kwamba napima unene. Kwa nyuma, mwanga ukipita, maandishi yaliyofichwa yakajitokeza kinyumenyume, na huo ndio usomaji wangu. Chini kabisa nikasoma jina la Mkurugenzi na sahihi yake.

Nikaishusha karatasi. Nikakohoa.

"Njoo kesho kutwa," nikasema. "Niandikie hapa namba ya simu, nikupigie ukiwa tayari."

Akaandika kwa mkono wake kwenye daftari langu. Hakujua ni daftari gani. Sheria inasema kila anayechonga mihuri awe na daftari: muhuri mpya hugongwa humo kwanza, inaandikwa tarehe, barua ya ofisi imeletwa au haikuletwa, na kila mwisho wa mwezi daftari linapelekwa kituo cha polisi, nao wanasaini na kugonga wa kwao chini ya ukurasa. Wachongaji wengi siku hizi hawajisumbui. Mimi huenda. Askari wa mapokezi hunitania, "Bibi Muhuri kaleta kitabu cha hadithi," anagonga bila kusoma, namwachia karanga, narudi.

Jioni ile sikuchonga. Nilikaa nikiwaza. Ningeweza kumwambia wakili wa mwanangu usiku uleule. Angekimbilia kwa hakimu. Yule kijana wa funguo, bila shaka dereva wake, angekamatwa. Na Bwana Dharura angesema nini? Angesema dereva kajituma mwenyewe. Kama alivyosema karani kajituma mwenyewe. Mtu yule alikuwa na akiba ya watu wa kutoa kafara, na dereva naye ana mama mahali fulani. Barua isingefika mahakamani, naye angebaki kwenye zulia lake.

Nami sikutaka abaki kwenye zulia lake. Nilitaka ailete barua mwenyewe kwa mkono wake, aape kwa kinywa chake.

Yule mzee aliyenifunza kazi alikuwa na kanuni moja: ukichonga muhuri ambao uliwahi kuchongwa, mtie kovu pacha wa pili, ili watoto wasichanganywe. Siku mbili nikachonga. Nyota ya kulia nikaiacha nzima. Nyota ya kushoto nikaikata ncha ya mguu mmoja wa chini, kidogo tu, kama mtu aliyejikwaa. Ukitazama hivihivi huoni. Ukitazama kwa lenzi, unamwona kilema.

Dereva alipokuja nikamsogezea daftari na pedi ya wino.

"Gonga mwenyewe, baba, uone kama unakupendeza."

Akagonga. Akatabasamu. "Bibi, wewe ni kiboko! Huu ndio wenyewe."

"Umefanana?"

"Pacha!"

Nikaandika tarehe. Kwenye nafasi ya barua ya ofisi nikaandika, haikuletwa. Mwisho wa mwezi nikapeleka kituoni. Askari akagonga, akala karanga.

Kisha nikasubiri. Watu husema subira ni tamu mwishoni. Hawasemi katikati ina ladha gani. Kesi iliahirishwa mwezi wa nne, ikaahirishwa wa tano. Mara hakimu anaumwa, mara jalada halionekani. Mke wa mwanangu aliuza cherehani yake, kisha kabati. Siku moja alinikuta nakunywa chai, akashindwa kujizuia.

"Mama, unawezaje kumeza? Mtoto wako anaoza ndani, wewe unachovya mkate!"

"Nimeze nini basi, mkwe? Visu?"

"Fanya kitu! Unajuana na nusu ya mji, mihuri yao yote umechonga wewe!"

"Nafanya."

"Unafanya nini?"

"Nasubiri."

Akanitupia kitambaa cha vyombo, akatoka. Sikumlaumu. Ningekuwa yeye ningetupa sufuria.

Mwezi wa saba ndio ulinijaribu. Nilimkuta mwanangu amekonda, shati linamning'inia kama liko kwenye msumari, anakohoa kikohozi cha ndani. Jino la mbele halipo. Waligombania godoro, wenye nguvu wakaling'oa. Akanisogelea kwenye wavu.

"Mama, wamenijia. Wanasema nikikubali kosa watanipa miaka mitatu. Nikikataa nikashindwa, ni tisa. Nikubali?"

"Usikubali."

"Kwa nini? Kuna kitu unakijua?"

Alinitazama kwa macho yale aliyonitazama nayo akiwa na miaka sita, homa imempanda, akiniuliza kama atakufa. Neno lilinifika mdomoni. Lakini ningemwambia yeye, angemwambia mkewe, mkewe angemwambia wakili, na mtu mwenye masikio mengi angesikia kabla jua halijazama. Nikalimeza.

"Ninachokijua ni kwamba yule mtu ana kiburi," nikasema. "Vumilia."

"Mama, nimechoka."

"Najua. Vumilia."

Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani siku ile, mwendo wa saa mbili, ili nichoke nisipate nguvu ya kubadili mawazo.

Mwezi wa tisa wakili akaniita. Alikuwa mwanamke kijana, mkali, viatu vyake vimeisha visigino kwa kupanda ngazi za mahakama. Alikuwa amekaa na mikono kichwani.

"Mama yangu, mambo yameharibika. Mkurugenzi ameleta barua. Ya kumkaimisha mwanao, tarehe ya mwaka ule, sahihi, muhuri, kila kitu. Naye anakuja kuapa."

Akanipa nakala. Nikaigeuza, nikaibandika kwenye kioo cha dirisha, nikaisoma kwa upande wangu. Nyota ya kulia nzima. Nyota ya kushoto, nikamkuta kilema wangu amesimama pale, anachechemea. Nikacheka. Nilicheka mpaka machozi, wakili akainuka kunitafutia maji, akidhani akili zimeniruka.

Nikamweleza yote.

"Tangu mwezi wa tatu?"

"Tangu tarehe kumi na nne."

"Ungeniambia siku ile, mwezi wa nne ningekuwa nimemtoa."

"Na ungemkamata nani? Dereva?"

Alifungua jalada jipya, akaanza kuandika kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

Siku ya kuapa, mwezi wa kumi, mimi nilikuwa nje, kwa sababu shahidi haruhusiwi kusikiliza kabla ya zamu yake. Nilikaa kwenye benchi, sikio langu mlangoni. Nilimsikia akiapa. Nilimsikia wakili wetu akimuuliza kwa upole, kama mtoto anayeomba peremende, "Bwana Mkurugenzi, una hakika uligonga muhuri huu siku hiyohiyo?" Akajibu, "Kwa mkono wangu." Wakili akauliza tena, "Si mtu mwingine? Si msaidizi? Si dereva?" Akajibu, "Mimi kazi yangu nafanya mwenyewe, wakili." Watu wakacheka naye. Na mimi nilicheka, peke yangu kwenye benchi.

Baada ya siku tatu nikaitwa. Bwana Dharura alikuwa kaja kutazama, kakaa benchi la mbele, anajipepea kwa gazeti. Mwanangu alikuwa kizimbani, mikono juu ya ubao.

Mwendesha mashtaka alianza na mimi kabla sijafungua kinywa vizuri.

"Bibi, umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La nne, mheshimiwa. Na hilo la nne sikulimaliza."

"Na leo umekuja kutufundisha nyaraka za serikali?"

"Sifundishi, mwanangu. Nimekuja kuonyesha kazi yangu."

"Kazi ipi?"

"Huo muhuri ulio kwenye barua. Niliuchonga mimi."

"Hilo halina ubishi. Idara iliagiza mihuri, ukachonga, miaka kumi na moja iliyopita. Sasa?"

"Ule ulikuwa wa kwanza, nao ulichomwa. Huu ni wa pili."

Gazeti la Bwana Dharura likasimama.

Nikatoa madaftari mawili. La zamani, lenye nyota mbili nzima. Na la mwaka huu wa kesi, lenye nyota ya kushoto iliyokatwa mguu, tarehe kumi na nne imeandikwa siku ya kuagiza na kumi na sita siku ya kuchukua, namba ya simu ya dereva wa Mkurugenzi kwa mwandiko wake, na chini, sahihi na muhuri wa kituo cha polisi, mwisho wa mwezi wa tatu. Wakili akaleta barua tatu za kweli za wakati ule, zilizotoka masijala. Hakimu akaomba lenzi. Alitazama ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha akaivuta barua ya Bwana Dharura, akainama juu yake mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi.

"Hii nyota," akasema, "haina mguu."

"Mguu ninao mimi, mheshimiwa," nikamwambia. "Uko kwenye kopo la takataka chini ya meza yangu."

Mwendesha mashtaka akajaribu. "Bibi, kwa hiyo unakiri mbele ya mahakama kwamba ulichonga muhuri wa serikali bila barua ya ofisi? Unajua hilo ni kosa?"

"Najua. Nimeandika mwenyewe hapo, 'haikuletwa'. Polisi wamesaini."

Ukumbi ukalipuka. Hakimu akagonga meza, lakini hata yeye alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Askari wa mapokezi, nasikia, alihamishwa wiki ileile. Namsikitikia kidogo, kwa ajili ya karanga.

Dereva aliitwa mchana. Hakufika hata swali la tatu. Alisema yote: gari, karatasi yenye tundu, bahasha, na maneno ya bosi wake, "Tafuta kwa wale wazee wa barabarani, wale hawaachi alama." Bwana Dharura aliinuka taratibu kama mtu anayekwenda msalani, na mlangoni akakuta mikono miwili inamngoja. Alipopitishwa mbele yangu nilisimama. Nilitaka anitazame. Safari hii alinitazama.

"Mimi ni mama wa karani wako," nikamwambia. "Uliwahi kunipa nauli."

Watu walikuwa wanapiga vigelegele. Mke wa mwanangu amenikumbatia, ananilowesha bega. Mimi nikamtafuta mwanangu kizimbani. Alikuwa hacheki. Vidole vyake vilikuwa vinatembea juu ya ubao, kimoja kimoja. Mwezi wa tatu, wa nne, wa tano. Alifika wa kumi, akaacha mkono pale, akaniinulia macho.

Usiku alioachiwa huru akarudi nyumbani, tulimpikia. Watoto walimng'ang'ania magotini mpaka wakalala. Mkewe akawapeleka kitandani, tukabaki wawili.

"Mama. Tarehe kumi na nne mwezi wa tatu."

"Ndiyo."

"Mwezi wa saba nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Nilitema damu mle ndani wiki mbili baadaye. Hukujua. Ningeweza kufa, mama, na daftari lako likiwa kabatini."

Nilikwangua wino kwenye kucha.

"Wewe ulitaka kutoka," nikasema mwisho. "Mimi nilitaka yeye aingie. Nilivitaka vyote viwili, na cha pili kilichelewa."

"Mimi nilitaka kimoja tu."

"Najua, baba."

Akainuka, akanawa mikono ingawa alikuwa hajala, akaingia kulala. Mwezi haukuisha wakahamia kwa shemeji yake, kaka wa mkewe, vyumba viwili mtaa wa pili. Jumamosi huniletea wajukuu, lakini yeye huishia kwenye kona ya duka, anawatazama mpaka wameingia kwangu, kisha anageuka. Namwona mgongo. Shati limeanza kumjaa tena.

Sitasema hapa kwamba najuta. Nimejaribu kujuta, siku za Jumamosi hasa, na kila nikianza naona ile nauli kwenye kopo.

Leseni yangu walinifungia mwaka mzima kwa kosa nililokiri. Nikakaa nyumbani, nikasikiliza redio. Bajeti iliposomwa, deni la visima lilikuwa limo, limeandikwa vizuri katikati ya madeni mengine, kwa maana serikali iliona ni aibu kutolipa. Sabuni ikapanda, mafuta ya taa yakapanda. Kwa hiyo tunalipa wote, na mimi nimo. Visima bado havipo. Magari mawili yalinadiwa, manne hayajaonekana.

Kesi ya Bwana Dharura ndiyo kwanza imeanza. Inaahirishwa. Mara hakimu anaumwa, mara jalada halionekani, naye ruhusa ya kutoka amenyimwa. Jumapili iliyopita nilivaa nguo zangu safi, nikaenda mahabusu. Kwenye foleni mbele yangu alikuwapo bibi mmoja mzee kuliko mimi, amebeba sabuni na chupi mpya kwenye mfuko, haelewi aingie mlango upi. Nilimjua kwa pua. Alikuwa na pua ya mwanawe. Nikamshika mkono, nikamwonyesha mlango, nikamwacha atangulie, akae naye atakavyo. Alitoka analia. Nikangoja mpaka amefika barabarani.

"Unakuja kumwona nani?" akauliza askari.

"Huyohuyo."

"Wewe nani wake?"

"Andika, fundi wake."

Akaletwa kwenye wavu. Tai hana, kandambili zimepishana rangi, ndevu zimetoka na mvi ambazo redioni hazikusikika. Aliponiona akataka kurudi nyuma, kisha akashika wavu.

"Bibi, wewe ni mzazi. Mimi nina mama."

"Nimemwona. Nimempisha."

"Unataka nini? Kama ni fedha, naweza kumwagiza mtu..."

"Fedha zipi, baba? Zako, au zetu?"

Akauachia wavu.

"Sasa umekuja kufanya nini?"

"Kukutazama."

Alinitazama naye, kidogo, kisha akawa anatazama sakafu, kisha ukuta. Akamgeukia askari. "Afande, nirudishe ndani."

Askari akatazama saa yake. "Mgeni ana dakika kumi. Zimekwenda mbili."

Nikavuta benchi karibu na wavu, nikapanga nguo zangu magotini, nikakaa vizuri.